Muulize Mkutubi: Mhasibu anataka tujitoe kwenye ushirika

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mkutubi wa chuo kidogo huku Nyanda za Juu Kusini, wanafunzi wetu hawafiki 700. Kila mwaka tunalipa mchango kwenye ushirika wa maktaba za vyuo ili tupate kanzidata na majarida ya mtandaoni. Kwenye kikao cha bajeti mhasibu amesema tujitoe, kwa sababu kila kitu kiko Google, na kwa sababu Hinari, ile programu ya kufungulia nchi maskini majarida ya afya, tunaipata bure. Mkuu wa chuo amenipa hadi mwisho wa mwezi nimweleze kwa maandishi kwa nini tuendelee kulipa. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na picha mbili.

Toka nje ya geti la chuo, tumia simu yako na bando lako, tafuta makala moja ambayo walimu wako wanaihitaji kweli. Google itakuonyesha ilipo. Ukiibonyeza utapata muhtasari wa mistari kumi, na chini yake kisanduku kinachokutaka ulipe, mara nyingi kama dola 30 au 40 kwa makala hiyo moja. Piga picha ya skrini. Rudi maktaba, fungua makala ileile kwenye kompyuta ya chuo, ipige picha ikiwa imefunguka yote na majedwali yake. Bandika picha zote mbili ukurasa wa kwanza wa andiko lako, bila maelezo marefu. Mhasibu ataona mwenyewe kwamba Google inamfikisha mlangoni, lakini kiingilio hailipi.

Kisha eleza ushirika ni nini, maana nina hakika nusu ya waliokaa kwenye kikao hicho hawajui wanachokipigia kura. Mtaani kwetu sikukuu ikikaribia majirani saba au wanane tunachanga, anayejua bei anatumwa mnadani, ng'ombe analetwa, tunagawana. Hakuna kaya ambayo ingemmudu peke yake. Maktaba nazo zinachanga hivyo, ila makala ina sifa ambayo nyama haina: ukigawa haipungui. Mwanafunzi wa Mtwara akiisoma usiku wa leo, wa kwenu haimpungukii hata mstari. Mchapishaji analijua hilo, ndiyo maana anakubali kuuzia vyuo vingi kwa mkataba mmoja na kwa bei ambayo chuo cha watu 700 kikienda peke yake hakitaipata. Yeye anapata mteja mmoja wa kuzungumza naye na hela ya uhakika. Ninyi mnapata msemaji anayejua mikataba.

Hili si jambo la kubahatisha. Tanzania tuna COTUL, ushirika wa maktaba za vyuo vikuu na za utafiti. Kenya wana KLISC tangu 2003, Uganda wana CUUL. Nyuma yao yupo EIFL, shirika lililoanzishwa 1999 kusaidia maktaba za nchi kama zetu kujadiliana bei na wachapishaji kwa pamoja. Na kuanzia 2002 shirika la INASP la Uingereza lilikuwa na programu ya kutujadilia bei hizo kwa niaba yetu, kisha kidogo kidogo kazi hiyo ikarudi mikononi mwa wakutubi wenyewe. Kwangu mimi huo ndio urithi mkubwa tulioupata: kuna wakutubi wa Kitanzania wanaokaa mezani na wachapishaji wa Ulaya, wanasoma mkataba kifungu kwa kifungu na kukataa bei isiyofaa. Chuo kikijitoa, hela inapungua kwenye kapu, na sauti yao pale mezani inapungua pia.

Waulize wasimamizi wenu mchango wenu umepigwa kwa kigezo gani. Ushirika unaojali wadogo huangalia idadi ya wanafunzi au uwezo wa chuo, ili chuo cha 700 kisibebeshwe mzigo sawa na chuo cha 20,000. Ukiona mmepangwa kundi lisilowafaa, omba kikao. Kudai hesabu ni haki yenu, na ni bora mara kumi kuliko kujitoa kimyakimya.

Sasa Hinari. Usiibeze, mimi nimeitumia na nimeona ikisaidia watu. Ilianza Januari 2002, baada ya Shirika la Afya Duniani kukubaliana na wachapishaji sita wakubwa. Wakafuata AGORA ya kilimo 2003, OARE ya mazingira 2006, ARDI ya teknolojia 2009 na GOALI ya sheria na sayansi za jamii 2018. Zote tano sasa zinaitwa Research4Life, na vyuo vya Tanzania vinaingia bila malipo kwa sababu nchi yetu iko kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Jisajilini zote kama hamjafanya hivyo. Lakini mkumbushe mhasibu kwamba hiyo ni hisani, na mwenye hisani ana ruhusa ya kubadili mawazo. Mwanzoni mwa Januari 2011 wenzetu wa Bangladesh waliamka wakakuta majarida zaidi ya 2,000 hayafunguki kwenye Hinari, kwa sababu baadhi ya wachapishaji waliona sasa nchi hiyo ina soko la kuuzia. Madaktari na watafiti walipiga kelele hadi wengi wakarudisha, lakini kwa siku kadhaa daktari wa Dhaka alikuwa amefungiwa mlango aliouzoea. Siku Tanzania itakapotoka kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, jambo tunaloliombea wote, tutahitaji ushirika uliokwisha kukomaa. Haujengwi kwa wiki moja.

Jambo la mwisho kwenye andiko lako, nalo ndilo litakaloamua kila kitu: matumizi. Hapa nikusimulie yaliyonipata.

Miaka kumi na kitu iliyopita niliongoza maktaba ya chuo kimoja cha Kanda ya Ziwa. Mwezi Machi chuo kilibadilisha kampuni ya intaneti, kasi ikaongezeka, kila mtu akafurahi. Agosti nikaomba ripoti ya matumizi ili niambatanishe kwenye bajeti. Ikaja kwa barua pepe, jedwali la Excel, majina ya majarida kushoto na miezi juu. Januari kulikuwa na namba, Februari namba, Machi namba chache. Aprili sifuri. Mei sifuri. Juni na Julai sifuri, zimejipanga kutoka jarida la kwanza hadi la mwisho. Nilidhani faili limeharibika, nikalifunga na kulifungua tena.

Faili lilikuwa zima. Mchapishaji anakitambua chuo kwa anwani ya IP, ile namba ambayo mtandao wa chuo unaitumia kutoka nje. Tulipobadilisha kampuni namba ikabadilika, na mimi sikuwapelekea mpya. Marekebisho yalichukua siku mbili tu. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu miezi minne ilikuwa imepita na hakuna mwalimu wala mwanafunzi mmoja aliyegonga mlango wangu kusema, mama, hazifunguki. Tulikuwa tumelipia kitu ambacho sikuwa nimewafundisha watu kukihitaji. Nililisema hivyohivyo mbele ya kikao.

Tangu hapo kila Alhamisi saa nane mchana nilifunga kaunta dakika arobaini, nikakaa na wanafunzi sita, kila mmoja na mada yake ya utafiti. Wa kwanza kabisa alikuwa binti wa uuguzi, mada yake manjano kwa watoto wachanga. Aliandika swali zima kwa Kiingereza, kuanzia "what is" hadi alama ya kuuliza. Majibu, hakuna. Tukapunguza yakabaki maneno matatu. Yakaja maelfu. Tukachuja kwa miaka mitano, tukaongeza Afrika Mashariki, zikabaki chache, na mojawapo ilikuwa ya hospitali ya wilaya nchini Ethiopia yenye wodi inayofanana na ile aliyokuwa akifanyia mazoezi. Alisogeza kiti hadi pua ikakaribia kioo. Aliomba nimchapie jedwali la ukurasa wa nne, akalikunja, akaliweka kwenye mfuko wa yunifomu. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake wanane.

Kwa hiyo, kabla ya mwisho wa mwezi, mwandikie mratibu wa ushirika akupe ripoti ya matumizi ya chuo chako. Wachapishaji wengi wanazitoa kwa kanuni moja inayoitwa COUNTER, iliyoanza 2003, ili namba za mmoja zilinganishike na za mwingine. Gawanya mchango wenu kwa idadi ya makala zilizofunguliwa. Tuseme, kwa mfano tu, mnalipa shilingi milioni nne na zimefunguliwa 2,000: kila makala imewagharimu shilingi 2,000. Weka hesabu hiyo chini ya ile picha ya dola 35. Na kama namba ni ndogo, usizifiche. Ziandike, kisha andika ratiba yako ya mafunzo ya muhula ujao, siku na saa. Mkuu wa chuo akiona mtu aliyejipima mwenyewe na kujiwekea kazi, ni vigumu kumnyima.

SWALI: Habari dada mkutubi. Niko mwaka wa pili, nakaa nje ya chuo. Nikiwa maktaba makala zinafunguka zote, nikifika geto zinadai hela. Rafiki yangu ana neno la siri la mtu wa chuo kingine, ananiambia tulitumie. Ni sawa?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Nimeeleza hapo juu kwamba mchapishaji anaangalia mtandao unaotokea. Ukiwa maktaba unatokea kwenye mtandao wa chuo. Ukiwa geto unatokea kwenye mtandao wa simu, naye hakujui. Dawa yake ipo na haihitaji ujanja. Vyuo vingi vina mfumo wa kuingilia kutoka nje, unaingiza namba yako ya usajili na neno lako la siri, na kuanzia hapo unahesabiwa kama uko ndani. Majina ni tofauti, EZproxy, RemoteXs, MyLOFT, kazi ni hiyohiyo. Nenda dawati la maktaba, sema "nataka kuingia kutoka nyumbani", watakuwekea kwenye simu yako mbele ya macho yako. Wakikwambia chuo hakina, uliza tena muhula ujao, na mwambie kiongozi wenu wa wanafunzi aulize. Wakutubi tunaombea bajeti kwa maswali kama hayo.

La neno la siri la mtu mwingine, hapana. Nakuambia kwa upendo kabisa. Mkataba unataja nani anaruhusiwa, na mchapishaji akiona jina moja linafungua makala kutoka miji mitatu saa moja, au mtu anapakua jarida zima toleo kwa toleo, anafunga chuo chote. Nimewahi kupokea simu ya mwalimu aliyekuwa anamalizia tasnifu, siku tatu kabla ya kuiwasilisha, amefungiwa kwa sababu kijana mmoja alipakua mafaili zaidi ya elfu usiku mmoja ili ayahifadhi kwenye diski. Kijana hakuwa na nia mbaya, aliogopa kwamba akihitimu atakosa. Hofu hiyo naielewa, na jibu lake liko kwenye barua inayofuata.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, wilayani Korogwe. Nilihitimu miaka tisa iliyopita na tangu hapo sijasoma makala hata moja ya kitaaluma, maana akaunti ya chuo ilifungwa. Sisi tulio nje ya vyuo tunasahauliwa?

JIBU: Marahaba mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ushirika wenye maktaba za vyuo peke yake unaacha watu wengi nje, na mimi naamini maktaba za mikoa na vituo vya walimu vinapaswa kuingizwa kwenye mazungumzo ya bei. Nitaendelea kulisema kila ninapopewa nafasi.

Wakati tunasubiri, kwa somo lako una bahati kuliko walimu wa masomo mengine. Majarida mawili ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, yaani lile liitwalo Kiswahili na lile liitwalo Mulika, yako kwenye tovuti ya majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Swahili Forum, linalotoka Ujerumani, liko wazi kwa kila mtu, na makala zake nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Tovuti ya AJOL imekusanya majarida ya Afrika tangu 1998, mengi yakisomwa bure. JSTOR, hifadhi kubwa ya makala mtandaoni, inamruhusu mtu binafsi, akifungua akaunti kwa barua pepe yake, kusoma kwenye skrini hadi makala 100 kwa mwezi bila kulipa. Hiyo ni zaidi ya makala tatu kwa siku, mwalimu.

Na kuna mlango mmoja ambao watu wengi hawaujui. Mikataba mingi ya ushirika inaruhusu mgeni aliyeingia maktaba kwa miguu yake kusoma akiwa mle ndani, hata kama si mwanafunzi. Kutoka Korogwe, Tanga mjini na Lushoto hazikukalii mbali. Piga simu kwanza kwenye maktaba ya chuo, uliza kama wanapokea wasomaji wa nje na kama kuna ada ya siku. Nenda wiki ambayo wanafunzi wako likizo, kompyuta zitakuwa wazi. Beba kitambulisho, flashi, na orodha ya mada zako ukiwa umeziandika kabisa. Kama ngeli ndizo zinazokusumbua darasani, nitumie namba ya kidato unachofundisha, nikutafutie tano za kuanzia.