Lori Lako Mwenyewe: Kinachobaki Baada ya Dizeli

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka tisa nimekuwa dereva wa kenta ya tajiri mmoja hapa Malindi. Mpwa wangu aliyeko Marekani ananiambia kwamba huko madereva wenye malori yao huingiza zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka. Ninafikiria kuchukua mkopo ili ninunue gari langu. Je, mwenye lori wa hapa kwetu hupata kiasi gani kwa kawaida? – Msomaji, Maweni, Malindi.

JIBU: Ndugu msomaji, mpwa wako hakukudanganya, ila amekutajia fedha zinazopita mkononi tu. Taasisi ya ATRI, inayochunguza gharama za uchukuzi huko Marekani, ilikadiria kwamba mwaka 2023 kila maili moja ya lori iligharimu kampuni dola 2.27, mshahara wa dereva ukiwamo. Fedha nyingi huishia barabarani.

Hapa kwetu hakuna kiwango kimoja cha kutajwa, kwa hiyo afadhali tuipasue safari moja. Kwenda Mombasa na kurudi ni takriban kilomita 240. Tuseme umekodiwa kupeleka maembe kwa shilingi 15,000. Kenta ikienda kilomita sita kwa lita, utachoma lita 40, na dizeli ikiwa shilingi 170, zimekwenda 6,800. Taniboi umpe 1,000 na wapakizi 1,500. Zinabaki 5,700, ambazo mwenye gari aliye mgeni katika kazi hii huzihesabu kuwa zake. Bado hajatenga fedha za tairi sita, oili na breki. Akiweka shilingi tano kwa kila kilomita, ni 1,200. Tena mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hutozwa na KRA, mamlaka ya kodi, asilimia 3 ya mauzo ghafi, yaani kabla hata dizeli haijatolewa, nayo hapa ni 450. Zimesalia 4,050. Safari 12 kwa mwezi zitakupa 48,600. Mkopo ukidai 35,000, unabaki na 13,600, na bima hujalipa. Pengine tajiri wako anakulipa zaidi ya hapo.

Sasa itazame safari ya kurudi. Ukipata saruji au bidhaa za duka za kuleta Malindi, hata kwa 8,000 tu, sehemu kubwa ya dizeli ulikwisha kuihesabu, hivyo baada ya wapakizi, kodi na nyongeza ndogo ya mafuta utabaki na kama 6,000, kupita ulichopata wakati wa kwenda. Mara sita kwa mwezi ni 36,000. Ndiyo maana mtu akiniuliza mapato ya mwenye lori, mimi humuuliza kwanza anajuana na nani Mombasa.

Kumbuka pia siku za kusimama. Novemba 2023, maji ya mafuriko yalipoifunika barabara ya Lamu pale Lango la Simba, magari yalikwama, lakini tarehe ya kulipa mkopo haikusogea.

Tarakimu zangu ni za mfano. Zako unazo mwenyewe. Kwa miezi mitatu ijayo, andika katika daftari kila safari ya tajiri wako, ulichobeba kwenda na ulichobeba kurudi. Iwapo zaidi ya nusu ya safari hizo utarudi gari likiwa tupu, usiutie sahihi mkopo huo.