Nimeacha kujidhuru lakini hamu inarudi: je, toba yangu imekataliwa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni binti wa miaka 22, kwetu Newala, sasa naishi Mtwara mjini kwa mama mdogo. Zamani nikizidiwa na huzuni nilikuwa najidhuru. Nimetubu na nimeacha, sasa ni miezi minane. Lakini hamu inanirudia usiku, na inazidi nikiwa kwenye hedhi kwa kuwa siswali. Je, toba yangu imekataliwa? Je, udhu wangu juu ya makovu unasihi? Na nimeombwa kusomesha watoto Juzuu Amma madrasani, naogopa sistahiki.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, mwanangu.

Toba yako haikukataliwa kwa sababu ya hamu. Mtume (s.a.w.) amesema Allah ameusamehe umma wake yale ambayo nafsi zao zinawazungumzia, maadamu hawajayatenda wala kuyasema. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Wakapokea pia kwamba mwenye kukusudia ovu kisha asilitende, Allah humwandikia jema moja kamili. Basi hesabu mwenyewe usiku uliojizuia ndani ya miezi hii minane. Wewe unaiona hamu hiyo ni dalili ya kukataliwa, na huku umekuwa ukiandikiwa mema.

Usije ukaogopa hilo neno "wala kuyasema" ukanyamaza. Kumweleza mtu ili akusaidie hakumo humo. Masahaba walimwendea Mtume wakamwambia kuna mambo wanayaona nafsini mwao, makubwa mno hata kuyatamka. Hakuwakemea. Aliwaambia hiyo ndiyo imani iliyo wazi, kama ilivyo katika Sahihi Muslim.

Umekulia Newala, ubwiri unga unaujua, ule ugonjwa wa mikorosho. Mikorosho ikianza kutoa maua mkulima anapuliza salfa, baada ya wiki kadhaa anarudia, na msimu ujao anaanza tena. Sijamwona mtu akiung'oa mkorosho kwa kuwa unga umeonekana upya. Nafsi iliyozoea kutulizwa kwa maumivu nayo huchukua muda kujifunza njia nyingine, na siku ya huzuni huikumbuka ile ya zamani.

Aya ya 29 ya Suratun Nisaa inasema: "Wala msijiue. Hakika Allah ni Mwenye kuwahurumia." Wengi wetu tunaisoma nusu ya kwanza kwa sauti ya ukali na tunaiacha ya pili. Mimi pia nilifanya hivyo. Miaka ya nyuma kijana aliniletea swali kama lako, nikamjibu kwa vitisho vya adhabu tu. Aliacha kuja darasani muda mrefu. Aliporudi aliniambia, "Sheikh, siku ile nilitoka kwako nikiwa peke yangu zaidi." Sijalisahau neno lile. Amr bin al-As (r.a.) aliitumia aya hii hii usiku wa baridi kali, alipoogopa kuwa kuoga janaba kutamdhuru, akatayamamu kwa udongo badala ya maji. Mtume alicheka na hakumlaumu. Aya imekuja kuulinda mwili wako, nao una haki juu yako.

Sasa usiku. Hamu ikija, usibaki kitandani ukibishana nayo. Mwenye hasira Mtume alimwagiza, akiwa amesimama akae. Kubadili hali kunavunja nguvu ya jambo. Toka chumbani, nawa uso kwa maji baridi, kaa karibu na mama mdogo hata kama hamzungumzi. Hamu hupanda, kisha hushuka. Mwombe akuhifadhie vitu vinavyokukumbusha, visilale chumbani kwako. Mwambie hivi: "Mama, usiku wa leo ni mzito, naomba nilale kwako." Hayo yanatosha, si lazima umsimulie yote.

Hedhi imeondoa swala, lakini mlango wa Mola wako haukufungwa. Dhikri, istighfari na dua ni zako siku zote. Soma "Allahumma inni a'udhu bika minal hammi wal hazan", dua ya kujikinga na wasiwasi wa moyo na huzuni. Wala usimlipe mtu akutoe jini. Ayatul Kursi na Falaq na Nas unazijua, jisomee.

Pamoja na dua, nenda hospitali, Ligula hapo mjini, uulizie huduma ya afya ya akili. Mtume ametuamrisha tutafute dawa, na ugonjwa wa moyo uliochoka ni ugonjwa. Hamu ikigeuka kuwa fikra ya kufa, usingoje asubuhi. Mwamshe mama mdogo, mwende usiku huo huo. Na ukiteleza siku moja, osha jeraha, litibiwe, tubu tena. Miezi minane haifutiki.

Udhu wako unasihi. Kovu ni ngozi, maji yanafika. Ukiona haya kukunja mikono mbele ya wanawake msikitini, tawadha nyumbani, wala huna deni la kumweleza yeyote.

Watoto wa madrasa kawasomeshe. Anza na Suratudh Dhuhaa, usome nao polepole ile aya inayosema Mola wako hakukuacha wala hakukuchukia.