Jibu: Rangi za bata mandarini kupauka kwenye picha

Mkuu, umeuliza kwa nini bata mandarini (bata wadogo ambao dume wake ana rangi kali) uliowapiga picha kwenye bustani ya Isabella Plantation, pale Richmond Park, London, wametoka wamepauka. Tatizo ni maji meusi: kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na ule mstari mpana mweupe juu ya jicho unaungua kabisa, yaani unabaki weupe mtupu usio na maelezo. Punguza ekspoja (kiasi cha mwanga unaoingia kwenye picha) kidogo, kasi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka, iwe 1/1000 ya sekunde maana bata hawatulii. Halafu lala kifudifudi, lenzi ikaribiane na maji. Ukipiga umesimama utaambulia mgongo tu. Mawingu mepesi ni bora kuliko jua kali. Ila Juni hadi Agosti usijisumbue sana: dume hunyonyoka akafanana na jike, unamtambua kwa mdomo mwekundu tu.