Menta wa nini kama analelewa vizuri?

Umeuliza mtoto wa Kiaborijini, yaani wa wenyeji asilia wa Australia, akilelewa na wazungu wanaompenda huko, menta wa kwao, yaani mtu mzima wa jamii yake wa kumwongoza, wa nini tena. Ndugu yangu, historia ndo inajibu. Mpaka miaka ya 1970 serikali ilikuwa inawachukua hao watoto kwa nguvu, ripoti ya 1997 ikaanika yote, 2008 waziri mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni. Na bado leo wao ni zaidi ya asilimia 40 ya watoto waliotolewa kwa wazazi wao wakalelewa kwingine, wakati kwenye watoto wote wa nchi hawafiki hata asilimia 10.

Utaratibu unasema atafutiwe kwanza ndugu, ikishindikana jamii yake, watu baki mwisho kabisa, ila ndugu hawapatikani kila mara, hapo ndo menta anaingia, anampeleka kwenye ardhi ya ukoo wake, anamwonyesha nani shangazi nani babu, wanaenda kuvua, anasikia lugha ya kwao. Mi naona mtu mzima mmoja anayekuja miaka na miaka ana faida kuliko ile siku moja ya ngoma na kupakwa rangi usoni. Na mlezi naye aende, sio anamshusha tu anasepa.