Barua kwa mwanangu: anza na kazi, mtu afuate

Tabora

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Barua yako imefika salama. Unasema mwenye kiwanda cha mawese na sabuni hapo Kigoma amekukabidhi wafanyakazi 34 na kabati moja la mafaili, akakwambia tu, "Shughulikia watu." Unaniuliza: katika yote mliyofundishwa chuoni, ajira, mishahara, mafunzo, tathmini, nidhamu, lipi ndilo msingi, ili ujue pa kuanzia?

Anza na maelezo ya kazi, yaani karatasi inayoeleza kila kazi pale kiwandani.

Najua ulitegemea nitaje sheria au mishahara. Hayo yanakuja, tena upesi. Lakini hakuna hata moja utakaloliweza kama hujui kila mtu pale kiwandani ameajiriwa afanye nini, kwa kipimo gani, na anawajibika kwa nani. Tangazo la nafasi hutoka humo. Maswali ya usaili hutoka humo. Tathmini ya mwaka hutoka humo, na siku mtu akituhumiwa, kosa lake hupimwa kwa karatasi hiyohiyo. Afisa utumishi asiyekuwa nayo hubaki kuamua kwa sura za watu na kwa hasira za bosi.

Chukua mtunza stoo. Ukiuliza anafanya nini utaambiwa "anatunza stoo". Hilo ni jina la kazi, kazi yenyewe haijatajwa. Kaa naye siku mbili, tangu anapofungua mlango hadi anapoufunga, uandike kwa vitenzi: anapokea mawese kutoka mtambo wa kukamua, anapima kila dumu la lita 20 na kuliandika kwenye leja kabla halijaingia ndani, anatoa mafuta kwenda chumba cha sabuni kwa hati iliyosainiwa na msimamizi wa zamu tu, anahesabu madumu yote kila Ijumaa na kuyalinganisha na leja, upungufu anauripoti kwa mhasibu siku hiyohiyo. Juu ya hayo weka jina la kazi na anaripoti kwa nani. Chini weka elimu na ujuzi unaohitajika, vifaa anavyokabidhiwa, na hatari za mahali pale, kama sakafu yenye mafuta au magunia ya kostiki soda, ile kemikali ya kupikia sabuni inayounguza ngozi. Ukurasa mmoja unatosha, majukumu 6 hadi 10. Mpe ausome, akusahihishe, kisha asaini yeye na msimamizi wake, nakala moja abaki nayo.

Wengi huharibu hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kunakili maelezo kutoka kwenye intaneti, ukakuta mtunza stoo wa Kigoma ameandikiwa majukumu ya ghala la bandari kubwa. Ya pili ni kumwandika mtu badala ya kazi. Kwa kuwa aliyepo anajua kuendesha gari na kutengeneza pampu, udereva na ufundi pampu vinaingizwa kwenye kazi ya stoo. Akiondoka, unatafuta mtu asiyepatikana mjini kote. Ule mstari wa "na kazi nyingine atakazopangiwa" uuweke mwishoni, na uongeze "zinazohusiana na kazi yake". Bila maneno hayo bosi ataugeuza ruhusa ya kumtuma mtu shambani kwake.

Karatasi hizo zikikamilika, fungua lile kabati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa za maandishi anapoanza kazi: jina, umri, anuani ya kudumu na jinsia yake, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira, jinsi unavyokokotolewa na stahili nyingine. Umeona maelezo ya kazi yamo ndani ya sheria yenyewe? Asiyeelewa maandishi, sheria inataka aelezwe kwa namna atakayoelewa, kwa hiyo msomee, na uandike kwamba alisomewa. Taarifa hizo zitunzwe miaka 5 baada ya ajira kukoma. Mgogoro ukitokea na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Mfanyakazi akisema "tulikubaliana laki 6", ni bosi wako atakayehangaika kuonyesha kwamba haikuwa hivyo.

Sasa vibarua. Katika hao 34 sina shaka wapo wanaolipwa kwa siku au kwa dumu, hawana hata karatasi, na wapo hapo tangu msimu uliopita. Usiwaache mwisho. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamdhania mtu kuwa mwajiriwa hata kama dalili moja tu kati ya zilizotajwa ipo: anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, anatumia vifaa vya mwingine, anategemea kipato cha hapo, au amefanya kazi kwa mwajiri huyo wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Saa 45 ni wiki moja ya kawaida! Kibarua anayekuja kila Jumatatu hadi Jumamosi alishapita hapo zamani, na kumwita kibarua hakubadilishi lolote. Waorodheshe, mwoneshe bosi hesabu, muwape mikataba.

Nafasi ikiwa wazi, chukua maelezo ya kazi na uyageuze kuwa mizani kabla hujaona barua hata moja ya maombi. Kwa mtunza stoo naweza kugawa alama 100 hivi: 40 kwa jaribio la vitendo, 30 kwa maswali ya kazi, 20 kwa uzoefu, 10 kwa mawasiliano. Jaribio ni rahisi: mpe leja yenye makosa 5 uliyoyapanda mwenyewe na dakika 20 ayatafute. Jopo liwe la watu 3, maswali yaleyale kwa kila mwombaji, na kila mjumbe aandike alama zake kabla ya kuongea na mwenzake. Wakianza kujadiliana kwanza, watatu wanakuwa mmoja, yule mwenye sauti. Na mjumbe mwenye ndugu kati ya waombaji atoke.

Usiulize kuhusu ndoa, mimba, dini wala kabila. Sheria inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, pamoja na mahali mtu atokako, ulemavu, umri na hali ya VVU. Kwa Kigoma nakusisitizia jambo moja zaidi. Hapo mpakani watu huhukumiwa kwa lafudhi. Mtu akiongea Kiha cha Kasulu au Kiswahili chenye mlio wa ng'ambo ya ziwa, anaambiwa si Mtanzania. Lafudhi si ushahidi. Waombaji wote waonyeshe kitambulisho kwa utaratibu mmoja, na kama kweli mtu ni mgeni, anahitaji kibali cha kazi kabla hajagusa dumu.

Kwenye mishahara, jifunze kukokotoa kwa mkono kwanza, programu ya kompyuta baadaye. Mwenye mshahara wa 600,000: mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ni 60,000, inabaki 540,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vilivyopo, 270,000 ya kwanza haitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000, na 20,000 iliyozidi inatozwa asilimia 20, yaani 4,000. Kodi ni 24,000, mkononi anapata 516,000. Mwajiri naye anaongeza NSSF 60,000 na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi asilimia 0.5, yaani 3,000. Ipo pia tozo ya ufundi stadi kwa mwenye wafanyakazi 10 na zaidi. Kosa la kawaida ni kutoza kodi kwenye 600,000 nzima kabla ya kutoa NSSF: mfanyakazi anakatwa 36,000, hasara ya 12,000 kila mwezi bila kujua. Kodi ipelekwe TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Kila Julai soma Sheria ya Fedha mpya, maana viwango huguswa humo.

Muda wa ziada: mwisho wa kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Kupata ujira wa saa, gawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, ndizo wiki za mwezi kwa wastani, kisha kwa saa za wiki. Mshahara wa 390,000 kwa saa 45 ni kama 2,000 kwa saa. Ya ziada ni mara moja na nusu, 3,000. Sikukuu ni mara mbili. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki 4. Msimu wa chikichi ukipamba moto hapa ndipo viwanda huteleza, zamu ya usiku inaunganishwa na ya mchana mtu hajapata zile saa 12 za mapumziko.

Likizo sitarefusha: siku 28 mfululizo kwa mwaka, sikukuu zikiwa ndani yake, ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, uzazi siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Tengeneza kalenda moja ya ukutani. Likizo isiyopangwa Januari huwa ugomvi Novemba.

Nidhamu ndiyo nataka uielewe hadi mwisho, kwa sababu itakujia kwa ghafla. Ijumaa moja utaambiwa madumu 12 hayaonekani, na bosi atasema, "Mwandikie barua ya kumfukuza sasa hivi." Usiandike. Mwombe siku za uchunguzi; ikilazimu, mtunza stoo asimamishwe kwa mshahara kamili, barua ikieleza kuwa ni uchunguzi na si adhabu.

Kisha chunguza kweli. Linganisha leja na hati za kutolea. Uliza nani mwingine ana funguo. Tazama pia namna mafuta yanavyopimwa: mawese yakijazwa yakiwa moto sana, ujazo hupungua yakipoa, na dumu la lita 20 laweza kupungukiwa nusu lita au zaidi. Kwenye madumu 400 hizo ni lita 200 na zaidi, madumu 10 ambayo hayakuibwa na mtu yeyote. Dawa yake ni kupima kwa mizani, kwa kilo, badala ya kwa jicho. Ukikuta ndivyo, kosa liko kwenye mfumo, na wa kurekebisha ni nyinyi.

Ukikuta kweli ana tuhuma ya kujibu, mpe barua yenye tuhuma kamili: tarehe, kiasi, na jukumu gani la maelezo ya kazi alilokiuka. "Umekosa uaminifu" si tuhuma ya kujibika. "Tarehe fulani ulitoa madumu 12 bila hati iliyosainiwa, kinyume cha jukumu namba 3" inajibika. Apate si chini ya saa 48 kujiandaa, na haki ya kuja na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti wa kikao awe kiongozi asiyehusika na tukio. Bosi aliyekwisha kusema "mfukuze" hafai, na wewe uliyechunguza hufai pia. Mashahidi waulizwe na pande zote. Akionekana na hatia, mpe nafasi ya kuomba kupunguziwa adhabu, angalieni rekodi yake na miaka yake kazini, ndipo mwamue kati ya onyo na kuachishwa. Uamuzi wa maandishi, pamoja na sababu, umfikie ndani ya siku 5 za kazi, na umweleze haki ya rufaa.

Usikubali pia njia ya mkato ya kumkata mshahara kufidia. Makato ya hasara yanahitaji awe amekubali kwa maandishi, kosa liwe lake, apewe sababu na nafasi ya kupinga, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake.

Akiachishwa isivyo haki ana siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko huulizwa mambo mawili tofauti: je, sababu ilikuwa halali, na je, utaratibu ulikuwa wa haki? Waajiri wengi wana sababu nzuri na wanaanguka kwenye la pili, kwa kikao kisicho na muhtasari au barua ya kufukuza iliyotangulia kikao. Na yeyote anayeondoka apewe cheti cha utumishi, ujira wa siku alizofanya na likizo aliyojikusanyia. Usimlipe kwa kukadiria, mwonyeshe hesabu.

Mafunzo na tathmini nayaacha kwa sasa. Maelezo ya kazi yakishasimama utaona mwenyewe nani hawezi kwa sababu hakufundishwa na nani hawezi kwa sababu nyingine.

Wiki hii andika ya mtunza stoo, ya mwendesha mtambo wa kukamua na ya mpishi wa sabuni. Hizo tatu ndizo zinazoshika mali na zinazoweza kuumiza mwili. Nitumie nakala kwa basi au kwa simu, nami nitazirudisha zikiwa na alama za wino kila penye neno kama "kuhakikisha" au "kusimamia ipasavyo", maana hayo hayapimiki, utayabadilisha kwa tendo linaloonekana.

Nisalimie mwenye nyumba wako na majirani wa Ujiji.

Mama yako