Pesa zimejaa ndani ya gemu: maswali yenu na majibu

Kaka salaam aleikum. Mimi na binamu yangu twaendesha kigemu chetu cha uvuvi cha mtandaoni, tuko hapa Kisauni. Watu wanakipenda ila sokoni bei zapanda kila wiki na sisi hatujagusa kitu. Wavu uliokuwa koini 200 sasa ni 3,000. Mbona?

Aleikum salaam. Hapo pa kutogusa kitu ndo penye shida, manake gemu inazalisha pesa hata nyinyi mkiwa mmelala. Kila samaki anayenunuliwa na yule muuzaji wa gemu, si mchezaji, ni koini mpya ambazo jana hazikuwepo. Hebu pigeni hesabu, tuseme mna wachezaji 500 na kila mmoja aingiza 2,000 kwa siku, hizo ni 1,000,000, halafu chambo na kutengeneza mashua kunakula 600 kwa mtu, yaani 300,000. Zimebaki 700,000 kila siku zinatafuta pa kwenda, na nyavu haziongezeki kwa kasi hiyo, lazima bei ipande tu.

Na hapa watu wengi huteleza: mchezaji akimuuzia mwenzake, hakuna pesa iliyotoka, imehama mfuko. Iliyotoka ni ile iliyolipwa gemu yenyewe ikafutika. Kwa hivyo kabla ya kubadilisha chochote andikeni kila siku zimezaliwa ngapi, zimefutika ngapi, na wapi. EVE Online, gemu ya Iceland iliyoanza 2003, hutoa ripoti ya uchumi wake yenye hesabu hizo hizo, itazameni mwone ilivyopangwa. Wale waliajiri mchumi kabisa, mwaka 2007.

Si tupunguze mapato nusu usiku huu huu yaishe? (Likoni)

Usifanye hivyo tafadhali. Mkongwe ana milioni zake tayari, hatasikia kitu, mgeni aliyejiunga jana ndo atavua mara mbili kununua wavu wa bei ile ile ya juu, na ataondoka. Ukipunguza, punguza kule wanakovua magwiji, kidogo kidogo, kisha tazama wiki mbili tatu.

Basi hao wakongwe watoe pesa vipi bila kulia? Mimi niko Tudor, gemu yetu ina kama watu kumi wameshika karibu kila kitu.

Swali zuri sana dada. Wauzie kitu wanachokitaka wenyewe, cha kujionyesha, kisichowapa nguvu ya kuwapiga wengine. World of Warcraft, gemu nyingine kubwa ya mtandaoni, mwaka 2008 waliweka mnyama wa kupanda, mammoth anayebeba wauzaji mgongoni, kwa dhahabu 20,000, na 2018 wakaleta mwingine wa 5,000,000 anayetembea na soko la mnada. Watu walizikusanya kwa hamu na zile dhahabu zikapotea, khalas. Ila akishanunua mara moja amemaliza, ndo maana lazima uwe pia na gharama inayorudi kila siku, matengenezo ya vifaa vya hali ya juu kwa mfano, ile inayokua mtu anavyokua.

Kodi ya soko nayo inasaidia, na haimwonei mtu kwa sababu anayeuza zaidi ndo anakatwa zaidi. Old School RuneScape, nayo ni gemu ya mtandaoni, walianza na asilimia 1 mwaka 2021, wakapandisha hadi 2 mwaka 2025, na vitu vya bei ya chini kabisa havikatwi. Wao sehemu ya hiyo kodi huitumia kununua vitu vilivyojaa sokoni na kuvifuta, yaani wanapunguza pesa na mizigo kwa pamoja, napenda sana akili hiyo. Lakini ukikata asilimia 20 watu watauziana mkono kwa mkono na hutapata kitu.

Sisi meli zikizama vitani zimepotea kabisa. Hiyo haitoshi?

Kinachopotea ni meli, si pesa. Aliyeiunda alishalipwa na hizo koini bado anazo. Meli kuzama kunawapa mafundi kazi, na hilo ni jema, ila kwa wingi wa pesa halipunguzi hata moja. Tena mkilipa bima kama EVE inavyolipa, kila meli ikizama mmeongeza pesa mpya! Kama bima mnaitaka, malipo yake yawe madogo kuliko bei ya meli na mwenye meli alipie kwanza.

Nikiuza koini kwa M-Pesa nitaharibu?

Ukizitoa hewani, ndiyo, umefungua mfereji mwingine na anayeumia ni yule anayevua kwa jasho. World of Warcraft tangu 2015 wana tokeni, yaani kama tiketi ya muda wa kucheza: mmoja ainunua kwa pesa halisi, aiuza sokoni, dhahabu anayopata inatoka kwa mchezaji mwingine anayetaka kulipia muda wa kucheza. Pesa yako waipata na dhahabu mpya haizaliwi. Jaribu hivyo hivyo, uza tokeni ya mwezi mmoja wa uanachama, koini wapeane wenyewe.