Shangazi, si ulisoma kwa Kiingereza?

Niliandika kwenye kundi la familia kwamba bibi mmoja ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee hapa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, kanisimulia mkasa mrefu, nami nikatoka na maneno matatu. Wanangu mkanicheka mpaka basi. Mmoja akauliza: shangazi, si ulisoma kwa Kiingereza toka kidato cha kwanza? Mwingine akaja faragha kuuliza kama alipie kozi ya mtandaoni ya "lafudhi ya Uingereza" kabla hajaomba kazi huku. Nawajibu wote wawili hapa.

Ndiyo, nilisoma. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza kwa wageni, nayo nilifaulu, pamoja na ile sehemu ya kusikiliza: maswali 40, dakika kama 30, rekodi inapigwa mara moja tu. Ila anayeongea kwenye rekodi anataka umwelewe. Mzee aliyemaliza ujana wake kwenye karakana za meli kando ya mto Tyne, meno ya bandia yamo kwenye glasi, hana habari na mtihani wako.

Na hiyo lafudhi inayouzwa kwenye kozi, mwenye nayo utamtafuta kwa tochi. Liverpool wana yao, Glasgow ndiyo usiseme. Wapenzi wa mpira mnamkumbuka Sir Alex Ferguson, yule kocha wa zamani wa Manchester United, mtu wa Glasgow, mlikuwa mnasoma uso wake tu kujua kama amefurahi. Hapa Newcastle wenyeji wanaitwa Geordie. Kilomita kama 20 kutoka hapa, Sunderland, wao ni Mackem, na ole wako uwachanganye. Mimi sikio langu mpaka leo haliwatofautishi, wao wanajuana kabla salamu haijaisha.

Chanzo cha vituko vyetu vingi ni kwamba Kiswahili kina irabu tano, na hizohizo ndizo tunazopanda nazo kwenye Kiingereza. "Work" sisi tunasema "wak". "Walk" tunasema "wok". Sasa wazee wa hapa wenye lafudhi nzito wameyapindua: kazi kwao inatoka kama "wok", na kutembea ni "waak". Yaani kila tunaposikia kazi, mwenzetu anataka kutembea.

Dada mmoja Mkenya niliyekuwa naye zamu aliangukiwa na hilo. Alikuwa na mzee ambaye kila akimaliza uji anamshika mkono, anataka "waak". Dada wa watu anambembeleza: babu, kazi ulishaacha, umestaafu, wewe pumzika. Mzee anapandisha hasira. Kesho yake tena. Mwisho dada akaandika kwenye daftari la makabidhiano kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa, anadhani anatakiwa kazini. Mzee wa watu akili zake timamu kuliko zetu! Alikuwa anaomba apelekwe bustanini akanyooshe miguu. Aliyeling'amua ni mpishi, mwenyeji wa hapahapa, na alicheka akiwa ameshikilia meza.

Wenyewe wanalijua hilo. Wana kichekesho cha kale cha mtu wa miguu mibovu aliyekwenda kwa daktari mgeni. Daktari anamuuliza kama anaweza kutembea, yeye anasikia kazi, anajibu: "Kazi? Kutembea kwenyewe siwezi!" Nilipokisikia nilicheka peke yangu, wengine walishakichoka toka utotoni.

Au chukueni shati. Letu limetoka kwenye "shirt", tukalipa a. Hawa wanalipa o ndefu, likitoka mdomoni ni "short" kabisa. Baba mmoja aliniomba shati, ni Desemba, nje barafu. Nikapekua kabati lote nikamletea kaptura. Akaitazama, akanitazama, akasema kitu ambacho namshukuru Mungu sikukielewa.

Halafu kuna "us". Shuleni tulifundishwa maana yake ni sisi. Hapa mtu mmoja, yuko peke yake chumbani, anajiita "us". "Give us a cup of tea, pet." Nikaleta vikombe viwili, bibi akauliza cha pili cha nani. Na hiyo "pet" ndiyo mimi. Kwenye vitabu vyetu pet ni paka au mbwa wa kufugwa, hapa ni neno la upendo, anaitwa mwanamke, anaitwa mwanamume. Msinionee huruma, ndugu yetu aliyeko Derby wanamwita "duck", bata, tena anayemwita ni dereva wa basi.

Mrundi mmoja tunayefanya naye kazi aliwahi kumuuliza mama mmoja kama anataka sukari. Mama akajibu kwa furaha, "Why aye!" Kwa Kigeordie maana yake ni ndiyo, bila shaka. Mwenzetu akasikia "why I?", kwa nini mimi, akamjibu kwa adabu zote: kwa sababu nawauliza wote, mama. Na kijana wa Kiganda, mgeni wa wiki ya kwanza, aliambiwa "Howay, man!" na mzee aliyekuwa anamwita aje amsaidie kuinuka. "Howay" ni njoo bwana, twende. Yeye akasikia "go away". Mzee alivyozidi kumwita, ndivyo kijana alivyozidi kurudi nyuma, mpaka akatoka nje na mlango akafunga.

Ya chakula nitayapita haraka. "Dinner" huku kaskazini kwa wengi ni chakula cha mchana, na "tea" ni cha jioni. Jirani alinialika tea saa kumi na moja, nikajua ni chai na biskuti, nikala wali wangu kwanza nikashiba. Nafika, meza ina nyama, viazi, mchuzi, pudini. Nilikula. Ningefanyaje, mtoto wa watu?

Msidhani sisi midomo yetu haiwasumbui. Kwetu "live", kuishi, na "leave", kuondoka, vinatoka sauti moja. Mwenzangu alimwambia meneja kwamba angependa "to live here", akiwa na maana ya kuhamia karibu na kazi. Meneja akaanza kumuuliza amekosewa nini mpaka anataka kuacha. Shuka ndiyo balaa zaidi: "sheet" ukiikatisha kidogo inakuwa tusi la kinyesi. Sisi tunatangaza ukumbini, tena kwa sauti, kwamba tunakwenda kubadilisha hiyo. Bahati nzuri kwenye kazi hii hakuna anayeshtuka, maana vyote viwili vimo kwenye zamu.

Simu ndiyo adui yangu. Ana kwa ana kuna uso, kuna mikono, utakisia. Kwenye simu ni sauti tupu. Herufi A hawa wanaitamka karibu sawa na e yetu, kwa hiyo mtu akikutajia jina herufi moja moja, unajaza E kila mahali. Dawa yake ni kutaja kila herufi na neno lake, A ya apple, na hata wenyewe kwa wenyewe wanafanya hivyo.

Sasa yale ambayo hamkuuliza. Kicheko kinakoma kwenye dawa. Kumi na tano na hamsini kwa Kiingereza zinakaribiana sana, na mtu akikutajia kipimo cha dawa usimwitikie tu kwa kichwa. Rudia, andika, mwonyeshe. Nimeona wenzetu wanaona haya kuuliza mara ya pili, wanaogopa wataonekana hawakusoma. Haya hiyo waiache nyumbani.

Na kuna watu wameamua kutokuelewa kabla hujafungua mdomo. Nilimsalimia mgeni mmoja aliyekuja kumwona mama yake, nikamweleza mama amekula nini na amelalaje, sentensi zote zimenyooka. Akamgeukia mwenzangu Mzungu: hakuna hapa anayeongea Kiingereza? Mama yake mwenyewe, mgonjwa kitandani, ndiye aliyemjibu kwamba mimi naongea. Jambo hilo linauma, na kozi hailitibu. Nikiwa shule tulimcheka sana mwalimu wetu Mkurya kwa "chakura" chake, somo lenyewe hata hatukulisikia. Naye alijua tunachekea nini, siku hizi nina hakika.

Lakini nami nimepata siku yangu. Alikuja mkaguzi kutoka kusini mwa nchi, suti safi, Kiingereza kile cha redioni. Akakaa na mzee mmoja amhoji kuhusu huduma zetu. Mzee akamwaga yake: "divvent" huku, "gan hyem" kule. "Divvent" ni usifanye, na "gan hyem" ni kwenda nyumbani, hiyo hata Mnorwe angeidaka, kwao nyumbani ni "hjem". Mkaguzi wetu akawa anatabasamu na kalamu haiandiki. Mwisho akanigeukia mimi, Mdigo wa Tanga, nimfasirie Kiingereza. Nikamfasiria, na ile sehemu ya mzee kusifia uji wangu niliirudia taratibu ili aiandike vizuri.

Basi, kuhusu kozi: usilipe. Sikio lako ndilo litakalokusumbua huku kuliko mdomo, na sikio utalizoeza bure kwa mahojiano ya wachezaji na mashabiki wa Newcastle United. Anza na Alan Shearer, mzaliwa wa hapa, maana yeye ameshalainisha kwa ajili ya televisheni. Ukimmudu, hamia kwa mashabiki waliotoka uwanjani baada ya kufungwa. Ongea taratibu, usibane pua. Vijana wanaokuja na Kiingereza cha puani walichokiokota kwenye sinema za Kimarekani ndio wanaoongoza kwa kuambiwa rudia.

Na kama hiyo kozi ni maandalizi ya kuja kwenye kazi hii yangu ya kutunza wazee, kuna jambo kubwa kuliko lafudhi. Viza ya kazi hii ilifunguliwa Februari 2022, na tangu Julai 2025 haitolewi tena kwa wanaoajiriwa wakiwa nje ya Uingereza. Manesi wenye usajili wana njia yao, na hao wakitumia IELTS wanadaiwa alama 7, isipokuwa kwenye kuandika ambako 6.5 inatosha. Kwa hiyo nitumie jina la huyo anayekuuzia kozi, nione kama si yuleyule anayeuza na viza.